KIBARUA BILA BARUA



Wenye makampuni wana desturi moja ambayo twaisifu bila haya. Kabla hawajachimba hata shimo moja la msingi, huketi na mawakili wao. Wakili huwafundisha mambo ya ardhi: hati imeandikwa kwa jina la nani, kuna deni la benki juu yake, mipaka ilipimwa na nani. Kisha huwafundisha mambo ya ujenzi: nani atalipa jengo likichelewa, nani atalipa likianguka, ugomvi ukitokea utapelekwa kwa mwamuzi gani. Mwisho huwafundisha mambo ya watu. Katika ardhi na ujenzi shauri la wakili ni moja: andikeni, tieni sahihi, wekeni shahidi, fungieni kabatini. Katika mambo ya watu sisi hatukuwamo chumbani. Lakini twaona yanayotendeka baadaye kiwanjani, na kwa kuyaona twadhani shauri lilikuwa kinyume: msiandike kitu.

Jambo hilo ndilo tutakalosema leo, nasi tutalisema bila kuficha, maana ugonjwa huu si wa viwanja vya majengo peke yake. Umekwisha kuingia njiani kwetu, katika magenge ya kufyeka majani na kubadilisha mataruma, na wengi wetu tulio na kazi ya kudumu twaupita kila asubuhi tumeinamisha macho.

Fikirini jina lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani huko pwani mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Kutoka kwa karatasi jina likahamia kwa kazi, na kutoka kwa kazi likahamia kwa mtu. Baadaye wakoloni walitumia tikiti ya siku 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama. Haikuwa karatasi ya heshima, kwa kuwa pamoja nayo kulikuwa na kipande kilichotiwa katika kikopo na kuning'inizwa shingoni, na wazee wetu walikichukia kwa haki. Lakini alama zilikuwapo. Mtu alijua amefanya siku ngapi, na bwana wake alijua kwamba anajua. Leo jina limebaki, barua imeondoka.

Wala tusiambiwe kwamba kumwandikia mfanya kazi mkataba ni anasa ya siku hizi. Reli yetu hii ilipita katika uwanda huu kabla ya kufika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Wahindi karibu 32,000 walioletwa kuijenga waliletwa kwa mapatano ya maandishi ya miaka 3, yakitaja mshahara, posho na safari ya kurudi kwao. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Kwa hiyo hatusemi ilikuwa kazi njema. Twasema kwamba serikali ya kikoloni, ambayo haikumhesabu kuli kuwa mtu wa maana, iliona ni lazima jina lake liandikwe. Na sasa, zaidi ya miaka 120 baadaye, katika uwanda ule ule, yupo mtu anayebeba vyuma mwezi baada ya mwezi na jina lake halimo katika daftari lolote la mwajiri.

Wote wa Konza wanajua habari za ekari 5,000 za Malili. Serikali ilizinunua kutoka kwa kampuni ya ranchi ili ujengwe mji wa mashine za hesabu na elimu ya juu, ambao leo huitwa Konza Technopolis. Mwaka 2012 iliundwa halmashauri ya kuusimamia, na Januari 2013 Rais Kibaki alifungua kazi. Tangu hapo wamekuja Waitalia wa kutandika barabara na mabomba, wamekuja Wachina wa kituo cha kuhifadhia habari za mitambo, na chuo kikajengwa kwa mkopo wa Korea. Hatumshitaki yeyote kati yao kwa jina. Tunayoyasema hutokea chini kabisa ya ngazi, kwa kontrakta wa kontrakta wa kontrakta, na huko chini majina hubadilika kama upepo wa Konza. Lakini hesabuni karatasi. Ekari zina hati. Lori la mchanga lina stakabadhi. Mfuko wa saruji huhesabiwa stoo, na ukipotea mmoja askari wote huulizwa. Hata mtu huandikwa langoni anapoingia, lakini daftari lile ni la kulinda mali, si la kumlinda yeye.

Basi sheria yasemaje? Wengi wetu tumeambiwa na nyapara kwamba kibarua hana sheria. Huo ni uwongo, na nyapara huenda hajui kwamba ni uwongo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yaeleza kibarua ni nani: ni mtu ambaye mapatano yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Someni tena polepole. Ukiwa walipwa kila baada ya majuma 2, au kila mwisho wa mwezi, wewe si kibarua kwa maana ya sheria, hata nyapara akuite hivyo mara mia kwa siku. Sisi tuliosoma kwa wamisioni twakumbuka mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Yeye alikwenda sokoni mwenyewe, akapatana na watu wake ujira wa siku, na jioni ile ile msimamizi akawalipa wote. Yule ndiye mwajiri wa vibarua. Hakuwaambia wangoje tarehe 15 mpaka kontrakta mkubwa atoe pesa.

Halafu kuna kifungu cha 37, ambacho kila mwenye kofia ya kiwanja angefaa kukijua kama anavyojua nambari yake ya simu. Chasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa kipindi, au kwa siku za kazi mfululizo, ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika bila kufika jumla ya miezi 3 au zaidi, mapatano yake yanageuka kuwa ya mwezi. Hayahitaji ruhusa ya bwana ili yageuke. Siku ya kupumzika baada ya siku 6 za kazi huhesabiwa, na sikukuu iliyoangukia katikati huhesabiwa pia. Baada ya miezi 2 ya kazi mfululizo, mtu huyo ana haki zile ambazo angekuwa nazo kama asingeanza kwa kibarua. Haachishwi bila notisi ya maandishi ya siku 28. Akifanya mwaka ana likizo ya siku 21 za kazi. Akishitakiwa kwa kosa, lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na mwenzake au mjumbe wa chama awe karibu naye. Na mapatano yakiwa ya miezi 3 au zaidi, lazima yaandikwe, na anayepaswa kuyaandika ni mwajiri, si kibarua.

Sasa mwaona kwa nini hawaandiki.

Twaujua ujanja, maana tumeuona kwa macho. Mtu huanza tarehe 2. Ikifika tarehe 27 huambiwa, "Pumzika kidogo, tutakuita." Baada ya siku 4 huitwa, na jina lake huandikwa upya kama mtu aliyeshuka garini jana. Wengine huambiwa walete kitambulisho cha ndugu yao ili jina liwe lingine kabisa. Mikono ni ile ile, koleo ni lile lile, shimo ni lile lile. Tumeshuhudia shimo la mfereji likichimbwa na mtu mmoja aliyekuwa na majina mawili. Wenye ujanja huu wasome tena neno "jumla" katika kifungu kile. Sheria imetaja kipindi pia, si siku zinazofuatana kama mabehewa peke yake. Na kazi ya mwaka mzima haigeuki kuwa ya siku kwa kumrudisha mtu nyumbani kila tarehe 27.

Hata hivyo tusidanganyane. Sheria iko kitabuni, na mahakama haiendi kumtafuta mtu kiwanjani. Ndugu zetu 68 wa kampuni ya chumvi ya Krystalline huko pwani waliipeleka kampuni mahakamani, na mwanzo walishinda. Kampuni ikakata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaipa kampuni ushindi. Hao walikuwa wakilipwa kwa kipimo cha kazi waliyoifanya, na mahakama ikasema malipo ya namna hiyo si kibarua cha siku kinachogeuzwa na kifungu cha 37. Kila kontrakta mwenye wakili amekwisha kuisoma hukumu ile. Ndiyo sababu siku hizi mnasikia maneno mapya viwanjani: huajiriwi tena kwa siku, umepewa mita 10 za mfereji, au umepewa matofali 300. Ukipewa kazi kwa kipimo, uliza kwanza kwa nini. Kama waamka saa 11, wafika saa 1, waamrishwa na nyapara mpaka saa 11 jioni, na huruhusiwi kuondoka hata ukimaliza mita zako, basi hayo ni masaa ya bwana yaliyovikwa nguo ya kipimo, na yafaa kuandikwa hivyo siku ile ile, si baada ya miaka 2 mbele ya jaji.

Sasa tuje kwa nyapara, maana hapo ndipo ardhi, ujenzi na kazi hukutana. Mwenye ardhi amempa kazi kontrakta mkubwa. Mkubwa amempa wa kati. Wa kati amempa mtu mwenye pikapu na simu 2. Huyo amempa nyapara, na nyapara ameita vijana kutoka Malili, kutoka Kajiado, kutoka Kibwezi. Kila ngazi imekata faida yake, na kila ngazi imeteremsha wajibu wake, hata wajibu ukafika chini kabisa kwa mtu asiye na ofisi. Ukiuliza mshahara juu, waambiwa uulize chini. Ukiuliza chini, waambiwa juu hawajalipa. Wakubwa hulipana kwa vyeti vya wahandisi na wakigombana huenda kwa waamuzi wenye kulipwa vizuri. Kijana wa koleo mwamuzi wake ni usiku: nyapara akizima simu, shauri limekwisha.

Lakini sheria ile ile ya 2007 imesema kwamba mwajiri ni pamoja na wakala wake, msimamizi wake, meneja wake. Kwa hiyo nyapara anapomwita mtu kazini haiti kwa niaba ya hewa. Anaita kwa niaba ya mtu, na mtu huyo ana jina na anwani na akaunti ya benki. Mwaka 2013 Mahakama ya Kazi, katika shauri la kampuni ya Wrigley ya Nairobi, ilikubali kwamba mwajiri aweza kuitoa kazi nje kwa watu wengine, lakini ikaonya kwamba haki hiyo isitumiwe kukwepa madeni ya wafanya kazi. Twaona onyo hilo ni la haki. Hatupingi kontrakta kuwa na kontrakta mdogo. Fundi wa umeme si fundi wa mawe, na mtu mmoja hawezi yote. Tunachopinga ni ngazi iliyojengwa kwa makusudi ili mtu akianguka asijulikane ameanguka kutoka kwa nani.

Na watu huanguka. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa sababu bado anatafuta kazi, alivunjika mguu katika kiwanja kimoja si mbali na hapa. Kampuni hatuitaji pia. Alichukuliwa kwa pikipiki, si kwa gari la kampuni, akafikishwa hospitali, na aliyempeleka akaaga mlangoni. Kesho yake mkewe alikwenda kiwanjani. Kontrakta mkubwa alisema jina hilo halimo katika orodha yake. Wa kati alisema watu wale ni wa nyapara. Nyapara alisema yeye naye ni kibarua tu. Wote watatu, kwa namna fulani, walisema kweli kwa kadiri ya karatasi zao, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kiatu cha mtu yule kilikuwa bado kiko chini ya jukwaa la mbao.

Sheria ya fidia za kazini, nayo ya 2007, yamtaka kila mwajiri awakatie bima watu wake. Ajali ya kifo lazima ipelekwe habari kwa Mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya saa 24. Mtu akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mshahara wa miezi 96. Kwa miaka mingi sheria hii ilikuwa ikivutwa huku na huku mahakamani, mpaka tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaithibitisha, na tangu hapo njia ya aliyeumia ni kwenda kwanza kwa Mkurugenzi, si kwa jaji. Anayekawia zaidi ya miezi 12 bila kupeleka habari aweza kupoteza haki yake yote. Basi, mshahara wa miezi 96. Hesabu nzuri. Lakini ni mara 96 ya mshahara upi, ikiwa hakuna mahali ulipoandikwa? Bima ya nani, ikiwa bima huuliza orodha ya watu na wewe humo? Hapo ndipo mwaona kwamba kukosa karatasi si jambo dogo la makarani. Ni mguu.

Tuseme kidogo juu ya malazi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kazi chamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ifaayo karibu na kazi, au amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Hapa Konza jambo hili lina uchungu wake. Mji mpya ulipotangazwa, serikali iliweka eneo la kinga la kilomita 10 kuuzunguka, ili majengo ya ovyo yasiote kama uyoga. Nia yake twaielewa. Lakini mji hujengwa na watu, na watu hulala. Mahali panapozuiwa kujengwa nyumba, chumba kimoja cha mabati hupanda bei, na kijana wa kibarua hulipa kodi kutoka ujira ambao haukutaja kodi. Sisi wa reli twajua ubaya wa nyumba isiyo na ulinzi. Wapangaji wa Muthurwa, Nairobi, wengi wao jamaa za watu wa reli, walianza kubomolewa mwaka 2010 ili ardhi ipate matumizi ya faida zaidi. Watu 12 walikwenda mahakamani kwa niaba yao na ya wenzao, na tarehe 30 Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao za makao na heshima zilivunjwa. Angalieni: aliyedai kubomoa hakuwa kabaila kutoka ng'ambo. Alikuwa mfuko wa pensheni wa reli yetu wenyewe. Ardhi ikipata bei, hata jamaa husahauliana.

Sasa twasikia jibu la mabwana, nalo tulipe nafasi yake. Husema: kazi ya ujenzi ni ya msimu, leo twahitaji watu 200, mwezi ujao 40, mkitulazimisha kuwaajiri wote kwa kudumu tutafunga. Hili lina ukweli ndani yake, na mtu wa chama asiyeukubali hajawahi kuona saruji ikimwagwa. Lakini nani amesema wote wawe wa kudumu? Sheria haikukataza kibarua. Ukihitaji watu 10 wapakue lori leo, waite leo, walipe leo jioni, waende zao na amani. Ukihitaji watu mpaka ukuta uishe, andika mapatano ya mpaka ukuta uishe: jina, kazi, ujira, siku ya kuanza, siku inayotazamiwa kuisha. Ukurasa mmoja watosha. Kontrakta yule anayeweza kuandika kurasa 300 juu ya nani atalipa kiwanja kikichelewa kwa mvua, hawezi kutuambia kwamba ukurasa mmoja wa mtu umemshinda.

Tena husema kwamba kuandika kuna gharama: pesa za NSSF, bima ya afya, kodi ya nyumba ambayo tangu 2024 mwajiri hulipa asilimia 1.5 na mfanya kazi vivyo hivyo. Ndiyo, zipo. Lakini wakili mwaminifu angewaambia hesabu ya upande wa pili. Anayemfukuza mtu bila sababu na bila kumsikiliza aweza kuamriwa kumlipa mpaka mishahara ya miezi 12. Na palipo na ugomvi juu ya masharti ya kazi, mwajiri asipoleta mapatano ya maandishi ambayo alipaswa kuyaandika, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Kwa hiyo anayeficha karatasi huenda anajificha macho kama mbuni, huku mgongo uko nje.

Lakini maneno makali ya leo hatutaki yaishie kwa mabwana. Twataka pia kuwaambia viongozi wa vyama vyetu, na sisi wenyewe wa tawi. Tumezoea kusema, "Huyo si mwanachama wetu, huyo ni wa kontrakta." Tumesema hivyo juu ya vijana wanaofyeka njia mita 5 kutoka mahali tunapokunywa chai. Tumesema ni wa chama cha ujenzi, na chama cha ujenzi nacho pengine kimesema ni wa reli. Makhan Singh na Fred Kubai walipoanzisha baraza la vyama mwaka 1949, na Chege Kibachia kabla yao huko Mombasa mwaka 1947, hawakuuliza kwanza mtu ana barua ya kudumu au hana. Mgomo ule wa Mombasa uliwashika makuli wa bandari, watu wa reli na maboi wa nyumbani pamoja. Ndiyo sababu serikali ya wakati ule iliogopa. Singh alikamatwa mwaka 1950 na hakuachiliwa mpaka 1961. Hatudhani alikaa kizuizini miaka ile yote ili sisi tugawane wanyonge kwa mipaka ya vyama.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanya kazi ana haki ya kuingia chama. Kila mfanya kazi. Haikusema kila mwenye nambari ya mshahara. Tena kuna hesabu isiyo na huruma: chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya watu wanaostahili kuwa wanachama. Kila mwaka kazi zikihamishwa kwa vibarua wa kontrakta, na sisi tukiwaacha nje, nusu yetu yapungua. Siku moja tutaamka tuwe watu 6 wenye kadi, na wasiokuwa na kadi 60, ndipo tutakapokumbuka kwamba tulikuwa na majirani.

Kwa hiyo tawi limekubaliana jambo dogo, si la kupiga kelele. Kila mtu wa kibarua anayefanya kazi karibu na njia, au upande wa pili katika majengo, apewe daftari la kurasa 48. Aandike kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la nyapara, kazi aliyofanya, na jina la mwenzake mmoja aliyekuwapo. Asiyejua kuandika asione haya. Sisi tuliofundishwa ubao na chaki tutamwandikia, kwa kuwa elimu ile haikuwa yetu peke yetu. Akilipwa kwa M-Pesa, ujumbe ule asiufute kamwe, maana unataja jina la aliyelipa, siku na pesa, na nyapara hawezi kuurarua. Apige picha ya kibao cha kiwanja langoni, pale palipoandikwa mwenye ardhi, kontrakta na wahandisi, kwa sababu siku ya ugomvi kibao huwa kimeng'olewa. Akiumia, habari ipelekwe kwa maandishi juma lile lile, na nakala ibaki nyumbani kwake. Akifukuzwa, asingoje: shauri la kazi halipokelewi baada ya miaka 3, na madai mengine hufungiwa mapema zaidi. Kwenda kwa ofisa wa kazi Machakos hakuhitaji wakili.

Daftari hizo zimekwisha kununuliwa kwa mchango wa tawi, nazo ziko kwa karani wetu. Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 8 alasiri, karibu na stesheni, upande wenye kivuli. Kila mwanachama mwenye kadi aje na mtu mmoja asiye na kadi. Atakayekuja peke yake ataulizwa mbele ya wote ni nani aliyefyeka majani njiani kwake juma lililopita, na jina lake ni nani.